Mvua ya Leo Huangukia Juu ya Mvua ya Jana

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba mvua za msimu ule, pamoja na upepo mkali, mafuriko na maporomoko ya udongo, zilikuwa zimeua watu 155, zimejeruhi 236 na kuzigusa kaya zaidi ya 51,000. Alipokuwa anayasema hayo, sehemu za Rufiji na Kibiti zilikuwa bado chini ya maji. Kinachoniuma zaidi katika habari ile ni kwamba mvua yenyewe haikuja kwa kunyata. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilishazungumzia El Niño tangu kabla ya vuli. Vuli ikaja na maji mengi, Januari na Februari zikapita bila ardhi kukauka vizuri, kisha masika yakaingia juu ya udongo uliokwisha kulowa. Watu walijua kwamba mvua ipo. Kilichokosekana katika nyumba nyingi ni uamuzi uliofanywa mapema: tutahama siku gani, tukiona dalili gani, na tutakwenda kwa nani.

Makala haya ni kwa ajili ya watu wa mabondeni, na kwa wanaokaa mjini lakini wana wazazi huko. Nataka tuzungumzie mvua ndefu hasa, ile inayonyesha wiki baada ya wiki, maana hatari yake haifanani na ya mvua ya kishindo ya mchana mmoja. Mvua ya kishindo hutisha, na mtu akitishika hukimbia. Mvua ndefu humzoesha mtu. Ikifika wiki ya sita, milimita 30 ni jambo la kawaida kwake; anajifunika khanga anaendelea na shughuli zake, na siku hiyo hiyo ndiyo mto unapanda kingo.

Sababu iko ardhini. Mwezi wa kumi, udongo umepasuka kwa ukavu, na mvua ya milimita 60 huzama karibu yote. Mwezi wa nne, udongo ni kama kitambaa cha kudekia kilichokwisha kulowa: ukimwaga tone jingine, linatokea upande wa pili. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 30 katika ekari moja ni zaidi ya lita 120,000. Udongo ukikataa kuzipokea, lita hizo zote hushuka kwenye korongo, korongo huzipeleka mtoni, na mto ulikuwa tayari umejaa. Ndiyo maana mzee anaweza kukuambia kwa uaminifu kabisa kwamba mvua ya usiku ule ilikuwa ndogo, na bado nyumba yake imekwenda.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 kusini mwa Uingereza zilipita dhoruba mfululizo kuanzia Desemba hadi Februari. Ukiichukua dhoruba moja moja, nyingi kati yake hazikuwa za ajabu sana. Lakini zilifuatana, jua la baridi halikuweza kuikausha ardhi, na kipindi kile kikawa majira ya baridi yenye mvua nyingi kuliko yote katika kumbukumbu za Uingereza na Wales zinazoanzia mwaka 1766. Kwenye tambarare za Somerset maji yalikaa kwa wiki nyingi, na kijiji cha Muchelney kikawa kisiwa ambacho watu wake walivushwa kwa boti. Hiyo ni nchi yenye pampu, mitaro na vipimo vya mto kila mahali. Udongo ukishajaa, umejaa.

Basi ushauri wangu wa kwanza: jifunze kuusoma udongo wako, kwa sababu tahadhari ya redio itakueleza mvua inayokuja, lakini hali ya kiwanja chako unaijua wewe. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kipimo hicho ni kizuri, ila usikifanye mpaka wa kuogopa. Milimita 25 zinaweza kukutosha kabisa kama ni siku ya kumi ya mvua mfululizo.

Njia rahisi ya kusoma udongo ni kisima. Kama mnachota kwa ndoo na kamba, funga kitambaa chekundu kwenye kamba, pale mkono wako unaposhika ndoo inapogusa maji. Fanya hivyo kiangazi. Mvua zikianza, funga kitambaa kingine kila Jumapili. Utaona vitambaa vinasogea kuelekea kwenye ndoo, wiki hadi wiki. Ikifika hatua kamba haihitajiki, mtoto anainama na kuchota kwa kopo, elewa kwamba chini ya miguu yako hakuna tena nafasi ya kuhifadhi maji. Choo cha shimo nacho husema: kikianza kupanda bila sababu, maji ya ardhini yameingia. Asiye na kisima achimbe shimo la futi moja, amimine ndoo ya lita kumi, atazame linavyokauka. Lifanye jaribio hilo kwanza wakati wa ukavu, maana udongo wa mfinyanzi hunywa polepole hata siku za jua, na usipoijua tabia yake ya kawaida utajitisha bure.

Pamoja na hilo, pima mvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka linafaa. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na ukingo wa paa, na kila siku saa tatu asubuhi chovya rula, andika, mwaga. Kilicho muhimu ni jumla ya siku kumi, kuliko namba ya siku moja. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa la sita. Ataifanya kwa bidii kuliko wewe, na daftari lake la mwaka mmoja litakuwa mali ya kijiji kizima. Mwaka ujao mtaweza kusema: mara ya mwisho maji yalipoingia shuleni, jumla ya siku kumi ilikuwa kiasi hiki.

Lakini kopo la kwako linapima anga la kwako tu, na mafuriko mengi ya mabondeni hutoka kwa watu wengine. Watu wa Kilosa wanalijua hili kwa uchungu. Mto Mkondoa unaopita mjini pale hukusanya maji ya nchi kavu ya Dodoma, upande wa Kongwa na Mpwapwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ule ulivunja tuta, ukaingia mjini, ukakata reli ya kati na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Mtu anayetazama wingu lililo juu ya Kilosa peke yake hawezi kuuona mto kama huo unakuja.

Rufiji ni hivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi. Maji yanayofika Utete na Muhoro yametoka milima ya Udzungwa na bonde la Kilombero, yametoka Luwegu huko kusini, na mengine ni ya Ruaha Mkuu, mto uliopita Usangu, ukapita Mtera na Kidatu. Kwa hiyo mtu wa Rufiji ya chini anahitaji rafiki Ifakara kuliko anavyohitaji programu ya hali ya hewa kwenye simu. Katika kila kijiji kuna fundi, mwalimu, mfanyabiashara wa mpunga au mchungaji wa ng'ombe ambaye ana ndugu juu ya mto. Andikeni namba zao kwenye karatasi, zibandikeni ofisi ya kijiji na dukani. Wakati wa mvua, mtu mmoja apige simu kila siku ya pili na kuuliza mambo matatu: mto umefika wapi kwenye daraja lenu, mvua imenyesha siku ngapi mfululizo, je, watu wa huko wameanza kuhama? Kisha majibu yapelekwe msikitini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp. Wekeni pia kumbukumbu ya siku ngapi maji hutumia kutoka kwao hadi kwenu. Hakuna anayeweza kukupa namba hiyo kwa uhakika kuliko wazee wenu wakikaa pamoja na wazee wa kule na kulinganisha miaka.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mabwawa, kwa sababu yameleta matumaini makubwa, na mengine yamepita kiasi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa kubwa namna hiyo lina uwezo wa kweli wa kupunguza kishindo cha mafuriko, kwa kuyazuia maji siku yanapokuja kwa wingi na kuyaachia taratibu. Lakini uwezo huo unategemea nafasi iliyobaki ndani. Bwawa likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke. Nalo halizuii mvua inayoangukia chini yake, wala vijito vinavyomwaga maji chini ya ukuta. Wakenya wa Garissa, Hola na Garsen wameishi na somo hili miaka mingi: mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kufurika, bonde la chini hupata maji hata kama kwao ni jua kali. Kwa hiyo anayekaa chini ya bwawa asilale kwa sababu bwawa lipo. Afuatilie matangazo ya wenye bwawa, TANESCO huku na KenGen kule, na ya bodi ya maji ya bonde lake. Na viongozi wa vijiji wadai tangazo hilo liwafikie kwa Kiswahili cha kawaida: lini milango inafunguliwa, maji yatapanda kiasi gani, yatafika lini kijiji gani. Hiyo ni haki yao, wala si upendeleo.

Kwa watu wa delta ya Rufiji kuna jambo moja zaidi, nao wanalijua kuliko mimi: mwezi. Maji ya mto yakishuka siku za bamvua, bahari huyazuia yasitoke, na yanarudi kulala mashambani na majumbani. Kijana aliyezaliwa mjini akarudi kujenga Nyamisati anaweza asilijue hilo. Mvua ndefu, mto uliojaa na mwezi mpevu au mwandamo vikikutana, hesabu siku hizo kuwa za hatari hata kama mbingu ni nyeupe.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, la kuhama. Watu wa mjini hupenda kusema, kwa nini hawa wasitoke mabondeni moja kwa moja? Swali hilo limewahi kujibiwa kwa vitendo. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya mwinuko. Makazi yakahama, lakini kilimo hakikuweza kuhama. Udongo unaozaa uko bondeni, na mafuriko yenyewe ndiyo yanayouleta. Warufiji wana kilimo cha mlau: maji yakipungua, wanapanda kwenye tope lenye unyevu, nao wanavuna wakati wengine wanalia ukame. Wana madungu pia, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo mtu hulala akilinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko, maji yakipita chini. Kumwambia mtu huyo "hama tu" ni kumwambia aache kula.

Ninachoshauri ni kutenganisha. Lala juu, lima chini. Kama una matofali, bati na saruji vya kujengea, usivimalizie bondeni. Tafuta kiwanja kidogo mwinukoni sasa, wakati wa kiangazi, kabla bei hazijapanda kwa hofu, hata cha chumba kimoja na choo. Andikishana mbele ya serikali ya kijiji, mpate karatasi. Bondeni jenga kitu ambacho kikienda hakitakuvunja moyo: dungu, uchaga, kibanda cha miti na makuti. Ninajua familia nyingi haziwezi kujenga mara mbili. Basi ndugu watatu wajenge chumba kimoja cha pamoja juu, cha kuwekea nafaka miezi yote na watu miezi ya mvua.

Ambaye hana namna, na anabaki bondeni msimu huu, aweke alama ya kuondoka. Simika mti imara kwenye ukingo wa mto au wa korongo lililo karibu nawe, upake rangi mistari mitatu. Maji yakigusa mstari wa chini, wajawazito, wazee, wagonjwa na watoto wadogo wanaondoka siku hiyo, pamoja na nafaka na vyeti. Yakigusa wa kati, mifugo na vyombo. Yakigusa wa juu, hakuna anayebaki, hata yule baba anayesema atalinda nyumba. Pangeni mistari hiyo mkiwa mmetulia, na muipange chini kuliko mnavyodhani inatosha, kwa sababu maji yanayopanda usiku hayampi mtu nafasi ya kubishana. Nimesikia mara nyingi hoja ya wizi, kwamba tukiondoka wataiba mabati. Hoja hiyo ina ukweli, na dawa yake ni kuweka walinzi wa zamu walioko mwinukoni, wenye mtumbwi na tochi. Bati likiibwa hununuliwa tena.

Kuna mfuko mmoja ambao kila nyumba inatakiwa kuwa nao kuanzia Oktoba, umening'inizwa kwenye msumari karibu na mlango. Ndani ya nailoni mbili uweke vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati ya kimila ya ardhi, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima. Dawa za anayetumia dawa kila siku, iwe za presha, kisukari au za kufubaza virusi vya Ukimwi, ziwe za wiki mbili angalau. Tochi, kiberiti kilichofungwa vizuri, chumvi, sukari, na karatasi yenye namba za simu, maana simu ikizima hukumbuki hata namba ya mwanao.

Na mbegu. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu wengi husahau. Mafuriko yakipungua, ardhi huwa na unyevu mzuri kuliko wakati wowote wa mwaka, na dirisha la kupanda ni wiki chache tu. Aliyehifadhi mbegu ya mahindi ya muda mfupi, kunde, mbaazi au mboga kwenye dumu kavu lililozibwa sawasawa na kuwekwa mwinukoni anaingia shambani siku tope linapoanza kubeba mguu. Aliyezipoteza anasubiri msaada, na mbegu za msaada mara nyingi hufika tope limeshakauka. Debe moja la mbegu lililookolewa Aprili ni chakula cha Septemba.

Nyumba za udongo zina hila yake. Nyingi hazianguki maji yakiwa juu. Huanguka siku mbili tatu baadaye, jua likiwaka na watu wamerudi kulala. Ukuta umenyonya maji kutoka chini, uzito wa paa uko palepale. Kabla ya kurudi ndani, zunguka nje. Tazama nyufa mpya pembeni mwa madirisha, tazama kama mlango uliokuwa ukifungika vizuri sasa unagoma, gonga ukuta chini kwa fimbo usikie kama udongo unabonyea. Ukiona chochote kati ya hivyo, laleni nje chini ya turubai. Katika msimu mrefu, lifanye hilo hata kama hakuna mafuriko, kwani mvua ya mwezi mzima peke yake hulainisha msingi. Wanaokaa kwenye miteremko nao wachungue nyufa ardhini, miti iliyoinama ghafla, chemchemi mpya au maji ya kijito yaliyobadilika kuwa tope zito. Maporomoko ya Hanang' ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoifukia sehemu ya Katesh, yametufundisha kwamba mlima uliolowa hushuka kwa dakika chache.

Maji yanayopita juu ya barabara ni suala ambalo silioni kama lina mjadala. Usivuke. Kina cha sentimita 15 cha maji yaendayo kasi kinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 huondoka na magari mengi. Zaidi ya hayo, maji ya tope hayaonyeshi kama barabara bado ipo chini yake. Desemba 2021 huko Mwingi, Kenya, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu; zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Aprili 2024 mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji asubuhi likiwa na wanafunzi. Mzazi ana haki ya kumwambia dereva wa shule: siku maji yakipita juu ya daraja, mwanangu hasomi. Abiria wana haki ya kushuka kwenye basi kabla halijaingia majini, na wakishuka wote, dereva hatavuka. Ukikwama, Tanzania piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kenya, Msalaba Mwekundu wako kwenye 1199.

Kuhusu afya nitakwenda haraka, kwa kuwa mengi mnayajua. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, kwa hiyo chemsha ya kunywa mpaka yatokote kabisa, au tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Kuni zikiwa mbichi zote na jua likiwapo, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zilaze juu ya bati saa sita nzima. Mtu akiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku anapelekwa kituo cha afya. Kipindupindu huua kwa saa chache, usisubiri asubuhi. Mwenye kidonda mguuni asiingie kwenye maji yaliyotuama. Homa ya mgunda, iliyothibitishwa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na mafuriko huusambaza mkojo huo kila mahali.

Wafugaji wana adui wa peke yao. Mbu wanaobeba Homa ya Bonde la Ufa hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde, na mayai hayo yanaweza kukaa miaka yakisubiri maji. Mvua ndefu ikiyafunika mabonde kwa wiki kadhaa, hutotolewa kwa pamoja. Ndivyo ilivyotokea 1997 hadi 1998, na tena 2006 hadi 2007. Ukiona mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua, mwite ofisa mifugo, usiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, na maziwa yachemshwe. Pata chanjo kabla ya mvua kama ipo wilayani kwenu, maana ugonjwa ukishalipuka, kuchanja huweza kuueneza kwa sindano.

Kwa wa mjini nina maneno mawili tu. Anayetafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam, karibu na Msimbazi au bonde lolote, asimuulize dalali kama maji huingia. Amuulize mama lishe anayepika mtaani hapo miaka yote, kisha atazame kuta za nyumba za jirani, kwa sababu mstari wa tope haufutiki kwa chokaa koti moja. Na anayetaka kununua kiwanja akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bei rahisi ya kiwanja cha namna hiyo italipwa na watoto wako.

Yote haya yanahitaji muda, na muda wake ni kati ya Juni na Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye mkutano ujao wa kijiji, inua mkono uulize kamati yenu ni akina nani, wana mitumbwi mingapi, na tukihamia shule ya msingi saa nane za usiku, nani ana ufunguo wa madarasa na analala wapi. Wakijibu kwamba ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anakaa ng'ambo ya mto, omba uchongwe wa pili siku hiyo hiyo, apewe mtu anayelala upande wenu.